Mwanangu ana miaka 13, tunaishi Guangzhou: je, afuate njia ya Wu Lei?

SWALI: "Shikamoo kocha. Mimi na mume wangu tunafanya biashara Guangzhou, huu ni mwaka wa tisa. Mtoto wetu wa kiume ana miaka 13. Tulimleta huku akiwa na minne na nusu. Anasoma shule ya Wachina, Kichina anakizungumza kuliko Kiswahili, na mpira ndiyo maisha yake. Anacheza winga. Kocha wake wa hapa mtaani anasema ana kipaji na amemtafutia nafasi kwenye shule ya bweni ya mpira, mkoa mwingine. Anatuhimiza tusichelewe, kwa kuwa Wu Lei, yule mshambuliaji maarufu wa China, alicheza ligi akiwa na miaka 14. Mbali na ada, ambayo kwetu ni kubwa, anataka fedha taslimu 'za kumfungulia njia' ya usajili. Mume wangu hataki hata kusikia. Anasema Wu Lei mwenyewe alishindwa Hispania akarudi kwao, klabu za China zinakufa kila mwaka, na mtoto wetu ana pasipoti ya Tanzania, atamchezea nani? Mimi nipo katikati. Isitoshe, mtoto analalamika goti linauma, chini kidogo ya kifuniko, tangu miezi mitatu iliyopita, ila ananiomba nisimwambie kocha. Tumwache aende? Miaka 14 ikipita, ndoto imekwisha?"

JIBU: Marahaba, dada yangu. Umeuliza swali moja, lakini ndani yake mna manne: umri, Wu Lei, pasipoti na fedha. La tano, goti, umelitia mwishoni kama jambo la kupita tu. Mimi nitaanza nalo, maana ndilo pekee ambalo halisubiri kikao cha familia.

Mvulana wa miaka 13 anayerefuka haraka, anayecheza mpira kila siku, na anayeumwa chini kidogo ya kifuniko cha goti, mara nyingi tatizo lake liko pale kano kubwa la mbele linaposhikana na mfupa wa muundi. Katika umri huo sehemu hiyo haijakomaa kuwa mfupa kamili. Kila anapopiga shuti, kuruka au kukimbia kwa kasi, kano linaivuta. Mifupa nayo hurefuka kabla misuli haijaifuata, hivyo mvuto unazidi. Madaktari huuita ugonjwa wa Osgood-Schlatter. Kwa watoto wengi hutulia ukuaji unapokamilika, ila wakati wa maumivu mazoezi sharti yapunguzwe, na hayawezi kupunguzwa ikiwa kocha hajui lolote. Lakini mimi ni mwalimu wa soka la vijana, si daktari, na goti lake sijaliona. Mpelekeni kwa daktari wa mifupa au wa michezo kabla hamjasaini karatasi yoyote. Akiwa anachechemea, au goti limevimba, linakwama, linamwamsha usiku, au ana homa, msingoje hata wiki. Na mtoto anayeficha maumivu akiwa nyumbani kwa mama yake, bwenini atayaficha vizuri zaidi.

Sasa tuje kwa Wu Lei.

Kocha wenu hakudanganya. Wu Lei alizaliwa Nanjing Novemba 1991, na tarehe 2 Septemba 2006 aliingia uwanjani katika mechi ya ligi akiwa na miaka 14 na siku 287. Ndiyo rekodi iliyomtangaza kama mchezaji mdogo kuliko wote katika ligi za kulipwa za China. Ila kocha hakukwambia ilikuwa ligi gani na timu gani, na humo ndimo kisa chote kilipo.

Ilikuwa daraja la tatu. Timu iliitwa Shanghai East Asia, na haikuwa klabu ya watu wazima iliyomwona mtoto wa ajabu ikampandisha. Karibu kikosi kizima kilikuwa cha vijana waliolelewa pamoja. Xu Genbao, kocha aliyeipa Shanghai Shenhua ubingwa wa China mwaka 1995, alijenga kituo cha soka kwenye kisiwa cha Chongming, pale mto Yangtze unapoingia baharini, kikaanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Alikusanya wavulana, akakaa nao kisiwani mwaka baada ya mwaka, akawa anasema anataka kuunda Manchester United ya China. Watu walimcheka kidogo. Mwaka 2005 ikaundwa klabu ili vijana wale wapate pa kuchezea, na mwaka uliofuata wakaingizwa daraja la tatu wakiwa bado watoto. Wu Lei alikuwa miongoni mwa wadogo wao. Pamoja naye walikuwemo golikipa Yan Junling, mabeki Zhang Linpeng na Wang Shenchao, na kiungo Cai Huikang, ambao wote baadaye waliichezea timu ya taifa.

Fuatilia walivyopanda. Mwaka 2007 walichukua daraja la tatu. Kisha wakakaa daraja la pili misimu mitano, kuanzia 2008 hadi 2012 walipolitwaa. Ligi kuu waliicheza kwa mara ya kwanza mwaka 2013, Wu Lei akiwa na miaka 21, na msimu huohuo alifunga mabao 15, mengi kuliko Mchina mwingine yeyote. Kati ya ile mechi ya umri wa miaka 14 na mechi yake ya kwanza ya ligi kuu ilipita miaka sita na nusu. Katika miaka hiyo alicheza wiki hadi wiki, na wenzake walewale, mbele ya wapinzani waliozidi ugumu taratibu, katika klabu ambayo isingemweka benchi ili kumpisha mgeni wa bei kubwa kwa sababu mgeni huyo haikuwa na uwezo wa kumnunua. Ukitaka kujua kilichomtengeneza Wu Lei, ni hicho. Siku 287 zile ni pambo la habari.

Ndiyo maana nakuomba usiitazame miaka 14 kama mlango unaofungwa. Katika umri wa mwanao, wavulana wawili waliozaliwa mwezi mmoja wanaweza kupishana miaka miwili au mitatu ya ukomavu wa mwili. Winga anayewaacha mabeki kwa mbio akiwa na miaka 13 huenda ana kipaji kikubwa, au huenda ametangulia tu kukua. Wakifika 16, wenzake watamfikia, na hapo ndipo tutajua alikuwa na nini kingine. Muulize kocha wake swali hili: mwanangu anawapita wenzake kwa sababu ana kasi, au kwa sababu anaona nafasi kabla yao? Wu Lei si mrefu wala si mbabe. Ustadi wake ni kukimbia nyuma ya mgongo wa beki kwa wakati uleule mpira unapotoka mguuni mwa mpigaji pasi, asiwahi akawa ameotea, asichelewe. Ustadi wa namna hiyo hutokana na kurudia jambo moja mara elfu nyingi na watu wanaokujua. Kuwahi bweni hakuuleti.

Tena tusijidanganye kwa majina matano niliyoyataja. Watoto waliopita kisiwani pale ni wengi kuliko hao, na walikuwa kwenye kituo kilichotoa moja ya vizazi bora vya China, mikononi mwa mtu aliyeweka maisha yake hapo. Vipeperushi vya shule za mpira huchapisha picha ya mmoja aliyefika.

Mumeo naye ana hoja, ingawa ya Hispania ameirahisisha mno. Ngoja nieleze, kwa sababu jibu lake linamhusu mwanao moja kwa moja.

Msimu wa 2018 Wu Lei alifunga mabao 27 katika ligi kuu na kuwa mfungaji bora, Mchina wa kwanza kufanya hivyo tangu Li Jinyu mwaka 2007, na klabu yake, wakati huo ikiitwa Shanghai SIPG kwa jina la kampuni ya bandari iliyoinunua, ikatwaa ubingwa wake wa kwanza. Januari 2019 akaenda Espanyol ya Barcelona, akiwa na miaka 27. Tarehe 2 Machi aliifunga Real Valladolid, akawa Mchina wa kwanza kufunga katika La Liga. Januari 4, 2020 aliingia akitokea benchi na dakika ya 88 akaisawazishia Espanyol dhidi ya FC Barcelona ya Messi, 2-2. Sidhani kama kuna bao la klabu lililoshangiliwa zaidi China mwongo ule. Ila msimu huo Espanyol ilibadilisha makocha mmoja baada ya mwingine hadi wanne, ikamaliza ya mwisho na kushuka daraja. Ikarudi mwaka 2021, yeye akawa mtu wa benchi, na Agosti 2022 akarejea Shanghai. Jumla ya mabao yake ya La Liga ni manane.

Manane dhidi ya 27 ya msimu mmoja nyumbani. Mumeo anaona kushindwa. Mimi naona mambo mawili ya kiufundi ambayo mashabiki huyaruka.

La kwanza: bao ni kazi ya watu kadhaa, ingawa huandikwa jina moja. Pale Shanghai nyuma yake alikuwepo Oscar, kiungo wa Brazil aliyetoka Chelsea kwa ada iliyoripotiwa kuwa pauni milioni 60, ambaye kazi yake ilikuwa kuiona ile mbio ya Wu Lei na kuufikisha mpira. Pembeni yake alikuwepo Hulk, ambaye peke yake aliwashughulisha mabeki wawili. Safu za ulinzi za China ziliacha uwazi mkubwa nyuma yao. Hispania uwazi ule ulikuwa mdogo na uliziba mapema. Mshambuliaji alitakiwa kupokea mpira akiwa amebanwa, na migongo miwili ikimsukuma, ageuke kwa mguso mmoja. Wu Lei hakulifanya hilo kila wiki kabla ya kufika pale, na mwenye miaka 27 hujifunza polepole kuliko wa 19. Alivyorudi nyumbani, uwazi ulikuwepo ukimsubiri: mwaka 2024 alifunga mabao 34 katika ligi, rekodi ya msimu mmoja, akiivunja ya 29 ya Muisraeli Eran Zahavi, naye akiwa na miaka 32. Miguu haikuwa imebadilika.

La pili ni kwa nini aliondoka akiwa na miaka 27 badala ya 20. Hapo shida si yake, ni ya mfumo. Kizazi kilichoipeleka China Kombe la Dunia mwaka 2002, mara pekee nchi hiyo kufika huko, kilikuwa na watu waliocheza Ulaya: Fan Zhiyi na Sun Jihai walikwenda Crystal Palace mwaka 1998, Yang Chen akaenda Eintracht Frankfurt mwaka huohuo. Baadaye kampuni za majengo zikaingia kwenye soka na mishahara ikapanda hadi Mchina wa kiwango cha kati akawa analipwa nyumbani fedha ambazo klabu ndogo ya Ubelgiji au Ureno isingeweza kumpa. Hapo kijana wa miaka 20 aende Ulaya kupunguziwa mshahara na kukaa benchi kwa lipi? Wengi walibaki. Wu Lei aliyekwenda, hata akichelewa, ni wa kuheshimiwa kwa hilo. Ni kweli kwamba mmiliki mkuu wa Espanyol wakati ule, Chen Yansheng, alikuwa Mchina mwenzake, na jezi ziliuzwa sana. Lakini umiliki haukuusukuma mpira wavuni pale dhidi ya Barcelona.

Kwa mwanao maana yake ni hii: mchezaji hubeba mazoea ya ligi aliyokulia. Msimpime kwa mabao anayofunga mtaani. Mpimeni kwa anachofanya akiwa amebanwa.

Kuhusu klabu kufa, mumeo yuko sahihi, na nyinyi wa Guangzhou mmeyaona kwa macho yenu. Guangzhou Evergrande ilitwaa ligi mara nane kati ya 2011 na 2019 na ubingwa wa klabu za Asia mara mbili, 2013 na 2015. Kampuni mama ilipozama kwenye madeni ya majengo, klabu ilishuka daraja mwaka 2022, na Januari 2025 ikakosa leseni kwa kuwa haikuweza kulipa madeni, ikavunjwa. Klabu ya pili ya jiji hilohilo, iliyojulikana zaidi kama R&F, ilikuwa imetangulia mwaka 2023. Jiangsu Suning ilitwaa ubingwa Novemba 2020; Februari iliyofuata ikasitisha shughuli. Sababu ni moja kote: klabu iliishi kwa hela ya tajiri mmoja, si kwa viingilio, haki za televisheni na mauzo ya wachezaji, na tajiri akipiga chafya klabu inalazwa. Mwishoni mwa 2020 chama cha soka kiliweka ukomo wa mshahara, yuan milioni 5 kwa mwaka kabla ya kodi kwa mchezaji wa ndani. Ilikuwa dawa sahihi iliyonywewa mgonjwa akiwa hoi. Wachezaji wengi walikaa miezi bila kulipwa.

Hata hivyo, kwa mtoto wa miaka 13 kifo cha klabu ya wakubwa si hatari kubwa kuliko zote. Hatari ni kile kinachokufa pamoja nayo: mashindano ya vijana, makocha, na shule iliyokuwa ikiendeshwa na mfuko uleule. Kwa hiyo swali la kuuliza shule hiyo ni nani anailipia, na akijitoa kesho watoto wanasoma wapi.

Tuje kwenye pasipoti, ambayo kocha wenu ameiruka kabisa na ndiyo inayoamua zaidi.

Kanuni za FIFA zinazuia watoto chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kwa ajili ya mpira, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Mtoto wa kigeni anayesajiliwa kwa mara ya kwanza katika nchi ambayo ameishi mfululizo kwa angalau miaka mitano huwa hana kizuizi hicho, na hata mwenye muda mfupi zaidi anaweza kuombewa ruhusa iwapo wazazi walihamia huko kwa sababu zisizo za soka. Nyinyi mmekwenda kwa biashara, na mtoto ana zaidi ya miaka minane hapo. Kwa hiyo kwa FIFA mna hoja nzuri, mradi muwe na vithibitisho: viza na vibali vya ukaazi vya miaka yote, ripoti za shule, mkataba wa nyumba. Anzeni kuvikusanya leo. Lakini Hong Kong ina chama chake cha soka. Mtu akikuambia "tutamvusha Hong Kong, ni palepale tu," huo ni uhamisho wa kimataifa na kizuizi cha miaka 18 kinarudi.

Ugumu unaanza baadaye. Mtoto wenu akifika 18 na pasipoti ya Tanzania, katika ligi ya China atahesabiwa mchezaji wa kigeni, hata kama Kichina chake kinawashinda wenyeji. Klabu huruhusiwa wageni wachache, na nafasi hizo huzitumia kununua mshambuliaji aliyekamilika, wala si kumlea chipukizi wa miaka 18. Msikilize Michael Olunga. Mkenya yule alitoka Gor Mahia akaenda Djurgården ya Sweden, akafunga vizuri, na mwanzoni mwa 2017 akanunuliwa na Guizhou, klabu iliyokuwa imetoka kupanda ligi kuu ya China. Alifika akiwa na miaka 22, tayari kamili. Msimu huohuo China ilibana kanuni, wageni watatu tu kwa mechi, na kabla mwaka haujaisha akapelekwa kwa mkopo Girona ya Hispania, ambako Januari 2018 aliifunga Las Palmas mabao matatu katika mechi moja. Baadaye Japani alikuwa mfungaji bora na mchezaji bora wa ligi mwaka 2020, kwa mabao 28. Yaani mtu wa kiwango hicho, China ilimpitisha tu kwa sababu ya hesabu ya wageni. Mwanao atakuwa kwenye hesabu hiyohiyo bila jina la Olunga.

Utasikia pia habari za kubadili uraia. Ni kweli China iliwapa uraia wachezaji kadhaa kuanzia 2019, kama Mbrazili Elkeson. Ila sheria yake ya uraia haitambui uraia wa nchi mbili, na Tanzania nayo hairuhusu mtu mzima kuwa nao. Huo ni uamuzi wa maisha yake yote, na wa kuufanya akiwa mtu mzima, kwa hiari yake. Usikubali uingie kwenye mpango wa shule ya mpira. Na swali la mumeo, atamchezea nani, lina jibu la furaha kuliko anavyodhani: kwa pasipoti aliyonayo anaweza kuichezea Tanzania popote atakapokuwa, akiwa na kiwango.

Nimebakiza fedha "za kumfungulia njia." Msitoe. Hakuna ada halali ya namna hiyo. Ada ya shule hulipwa kwenye akaunti ya shule na hutolewa risiti. Usajili wa mtoto hupitia klabu na chama cha soka, bila bahasha. Wakala halali ana leseni ya FIFA, jina lake linaonekana kwenye orodha ya FIFA mtandaoni, na kwa mtoto mdogo haruhusiwi hata kumsogelea hadi ibaki miezi sita kufikia umri wa kusaini mkataba wa kwanza wa kulipwa, tena kwa idhini ya maandishi ya mzazi. Sisemi kocha wenu ni mwizi; huenda naye ameambiwa ndivyo mambo yanavyokwenda. Lakini tazama mambo hayo yalivyowafikisha wakubwa wao. Li Tie, aliyecheza Kombe la Dunia 2002 na kisha Everton, alikiri hadharani kwamba kulikuwa na hongo katika kupata kwake ukocha wa timu ya taifa. Desemba 2024 alihukumiwa miaka 20 jela. Rais wa zamani wa chama cha soka, Chen Xuyuan, alipewa kifungo cha maisha mwaka huohuo. Ninyi ni wageni wanaoishi kwa kibali. Kesi ya rushwa inaweza kuwagharimu mpira wa mtoto, biashara na makazi kwa pamoja.

Basi afanye nini? Njia ziko tatu, na hakuna isiyo na gharama.

Bweni sasa. Faida yake ni wingi wa mazoezi na wenzake wenye kiwango. Hasara ni kwamba masomo hushuka katika shule nyingi za aina hiyo, mtoto anakuwa mbali wakati mwili wake unabadilika, na mwisho wa njia kuna ule ukuta wa wageni. Kwa mtoto wa Kichina ningesema tupime. Kwa wenu, mwaka huu, nasema hapana.

Kubaki Guangzhou, shule yake ileile, na kumtafutia timu ya vijana yenye mechi za uhakika kila wiki. Hii ndiyo ninayoipendelea, na siipendelei kwa woga. Wu Lei alipewa mechi nyingi na watu walewale. Hilo jiji kubwa kama lenu linaweza kumpa mwanao bila kumtoa nyumbani. Mazoezi matatu au manne kwa wiki, mechi moja, siku za kupumzika zinazoheshimiwa, na kocha anayeambiwa ukweli kuhusu goti. Ulizeni kwa maandishi kama mashindano ya timu hiyo yanaruhusu mtoto wa kigeni, maana kanuni za mashindano ya vijana hubadilika, na nimeona watoto wanaofanya mazoezi mwaka mzima na kukuta siku ya mechi hawamo kwenye orodha. Kichina chake, kikifika chuo kikuu, ni mali hata mpira ukikataa. Mwakani akiwa 14, na baadaye akiwa 16, mkae tena mtazame.

Ya tatu ni kumrudisha Tanzania akakulie kwenye soka la nyumbani, ambako si mgeni na njia ya timu za taifa za vijana iko wazi zaidi. Nimeona familia zikifanya hivyo na kufaulu, na nimeona mtoto aliyerudi akiwa peke yake kwa bibi, hajui Kiswahili cha darasani, akaacha vyote viwili. Kama mzazi mmoja hawezi kurudi naye, msiikimbilie. Kumbukeni pia kwamba kumsajili Tanzania baada ya kusajiliwa China nako ni uhamisho wa kimataifa wa mtoto. Jambo hilo hupitia kwa TFF, chama cha soka cha Tanzania, na FIFA, na huchukua muda.

Ikiwa siku moja, akiwa 16 au 17, mkataba wa kweli utawekwa mezani, kumbuka kuwa kwa FIFA aliye chini ya miaka 18 hafungwi kwa zaidi ya miaka mitatu, na kwamba klabu ikishindwa kumlipa mishahara ya miezi miwili, akaipa notisi ya siku 15 na bado haikulipa, ana haki ya kuvunja mkataba. Someni kwa lugha mnayoielewa, si kwa tafsiri ya anayewauzia.

Kuna watu watatu wa kuonana nao ana kwa ana. Daktari, wiki hii, na mtoto awepo chumbani asikie mwenyewe kwamba kupumzika si adhabu. Wakili wa masuala ya uhamiaji mwenye leseni Guangzhou, awaambie kibali cha ukaazi cha mtoto kitakuwaje akihamia shule ya mkoa mwingine, kwani kibali hicho kimefungamana na chenu. Na wa tatu, kocha mwingine asiye na faida yoyote katika uamuzi huu, amtazame mwanao akicheza mechi mbili au tatu bila yeye kujua. Kuhusu mumeo, msomee sehemu ya Olunga kwanza. Halafu mwambie aende akamtazame mtoto akicheza. Katika barua yako yote sikuona mahali panaposema amewahi kwenda.